Sanduku Moja la Posta, Kijiji Kizima

Nilipokuwa mtoto kule Kibosho, kijijini kwetu hapakuwa na mtu mwenye sanduku lake la posta, na bado kila mtu alikuwa na anwani. Sanduku lilikuwa la shule ya msingi. Katekista, fundi seremala, bibi yangu aliyekuwa akiuza ndizi Kiboriloni, binti aliyechumbiwa na askari wa kambi ya mbali, wazazi wa kijana aliyekwenda Mererani kutafuta madini, wote waliandikiwa kwa S.L.P. ile ile ya shule, Moshi. Mtumaji aliweka jina la mhusika na jina la kitongoji, basi. Barua ilifika.

Ufunguo ulikaa kwa baba yangu, maana alikuwa mwalimu pale na mwalimu mkuu alimwamini. Ndiyo sababu mambo haya nayajua kwa ndani. Tangu mwaka 2001 naishi Arusha, nashona mifuko ya kitenge na kuuza kazi za shanga, na biashara hiyo imenirudisha Posta kwa mlango mwingine. Watu wengi wakiizungumzia Posta siku hizi wanakumbuka barua za mapenzi na stempu walizozibandua kwenye bahasha wakiwa watoto. Nami nazikumbuka. Ila naona kilichopungua ni kizito kuliko hapo: tulikuwa na njia ya kumfikia mtu yeyote, hata asiye na kitu, na bei ya kumfikia ilikuwa ile ile, awe mjini au mlimani.

Siku za Jumamosi tulishuka mjini mimi na kaka yangu, ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga yangu. Posta ya Moshi iko jirani na mnara wa saa. Masanduku yamejipanga ukutani, milango midogo ya chuma yenye namba. Kwa nyuma hayajazibwa. Ukifungua mlango wako unaona hadi ndani ya chumba cha makarani, na ukibahatika kufika wakati wa kupanga barua, unaona mkono wa mtu unakuja kutoka upande wa pili unaweka bahasha. Uso wake huuoni, unaona kidole chenye kipete cha mpira cha kuhesabia karatasi, basi.

Nyumbani baba alizimwaga mezani akazipanga kwa vitongoji. Za walio karibu na shule walipewa watoto Jumatatu mstarini wazipeleke kwao. Za wazee zilikwenda parokiani, majina yakasomwa wakati wa matangazo baada ya Misa. Ila kikaratasi cha kuitia barua ya rejista au hawala ya fedha, manioda kama tulivyoiita, hakikutangazwa popote. Hicho baba alikipeleka mwenyewe jioni, kwa miguu, kwa sababu kilimaanisha kuna pesa, na jirani hakupaswa kujua. Sisi watoto tulikatazwa kabisa kumwambia mtu kwamba fulani ameandikiwa, au kwamba muhuri wa bahasha yake unasoma Keko au Butimba, yaani gerezani. Barua iliyomkuta mwenyewe ameshafariki ilikabidhiwa kwa mkubwa wa nyumba ikiwa haijafunguliwa. Hakuna mahali sheria hizo ziliandikwa, na sikuwahi kusikia mtu akizivunja.

Bibi hakujua kusoma. Mimi ndiye niliyemsomea barua za baba mdogo, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Tanga, na mimi ndiye niliyeandika majibu. Zote zilianza kama barua za wakati huo zilivyoanza: salamu nyingi kama mchanga wa pwani, sisi huku ni wazima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yetu. Kisha yanakuja majina. Bibi alitaka kila jina litajwe, mke wa baba mdogo, watoto kwa mfuatano wa kuzaliwa, hata jirani yao wa Tanga ambaye hakuwahi kumwona ila alisikia kwamba aliwahi kuwasaidia wakati wa ugonjwa. Nikimaliza ananiambia nisome tena tangu juu, ahakikishe hakuna aliyerukwa. Kurasa mbili zinajaa, na shida yenyewe ni mstari mmoja karibu na mwisho: mvua zimechelewa, tuma hela ya mbolea.

Nimewasikia vijana wakisema yalikuwa maneno mengi ya bure. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtu aliyepata nafasi ya kuandika mara moja kwa mwezi alilazimika kukaa chini na kuwapitisha wote kichwani, mmoja mmoja, kabla ya kuomba chochote. Leo nawapigia ndugu zangu kila siku, na kuna binamu ambao mwaka unaisha bila mimi kuuliza habari zao, kwa sababu siku hiyo simu haikuwahusu wao.

Wakati huo lilikuwa Shirika la Posta na Simu, lililoundwa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwanzo kuvunjika mwaka 1977. Jengo moja lilikuwa na kila kitu: kaunta ya stempu, telegramu, dirisha la kuweka akiba, na vibanda vya simu ambako ulikaa kwenye benchi ukisubiri opereta akuunganishe na Dar es Salaam. Dirisha moja lisipolipa, jingine lililibeba. Kisha vikagawanywa. Benki ya Posta ikapata sheria yake mwaka 1991, na leo inaitwa Tanzania Commercial Bank, neno posta limeshatoka hata kwenye jina. Tarehe 1 Januari 1994 Shirika la Posta likaanza kusimama peke yake na barua zake na vifurushi vyake, simu zikaenda TTCL. Nalitaja hili kwa sababu tunapenda kusema simu ya mkononi ndiyo iliyoiua Posta. Simu ya mkononi ilipoenea, Posta ilikuwa tayari imetenganishwa na ndugu zake wenye kuingiza fedha.

Telegramu ndiyo iliyotangulia kwenda. Maneno yalihesabiwa na kulipiwa, kwa hiyo msiba ulikuja kwa herufi kubwa na bila salamu: BABA AMEFARIKI NJOO. Kwetu maziko huwasubiri walioko mbali, na telegramu ndiyo iliyopanga siku. Sikumsikia mtu akiililia, na nadhani haikustahili kuliliwa. Habari ya kifo ikikufikia saa ile ile unapata basi la usiku na unamwahi marehemu.

Kisha ikaja zamu ya hawala. Kabla ya hapo baba mdogo alilipa fedha Tanga, akajaza fomu, karatasi ikasafiri na barua nyingine, ikaingia kwenye sanduku la shule, na Bibi akateremka Moshi na barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa kijiji, akapanga foleni na wenzake. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na kwetu ikaingia mwaka 2008. Bibi aliiwahi. Akawa anachukua hela dukani, hatua chache kutoka kwenye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, na nauli ya Moshi ikabaki mfukoni. Hakuna mtu mwenye akili atakayemwambia bibi arudi kwenye foleni. Lakini hawala ndiyo iliyokuwa ikiwaleta watu kaunta. Aliyekuja kuchukua fedha alinunua stempu na bahasha hapo hapo, akamjibu aliyemtumia, akamsalimia na karani aliyemfahamu. Hawala ilipoondoka, barua haikuwa tena na safari ya kudandia.

Barua zenyewe zilififia polepole. Kadi za salamu tulizokuwa tukizijaza majina na kuzituma redioni zikageuka ujumbe wa simu. Zikabaki za shule na za serikali, nazo zikahama: matokeo ya mitihani yapo kwenye tovuti ya NECTA, kupangiwa kidato cha tano unaangalia kwa TAMISEMI, kazi za serikali unaomba kwenye Ajira Portal. Mtoto anayajua matokeo yake akiwa shambani anakata majani ya ng'ombe. Nafurahi kwa ajili yake, kwa sababu nawakumbuka walioitwa shule kwa barua na barua ikawafikia wenzao wameshaanza masomo. Baba alikuwa ameshastaafu wakati huo, ufunguo ukakabidhiwa kwa mwingine, kisha kwa mwingine, na sanduku likawa linakaa muda mrefu bila kufunguliwa.

Mwaka 2020 ndipo nilipoona vizuri tulichokiacha. Laini za simu zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole, na baada ya tarehe 20 Januari zile ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Shangazi yangu amelima maisha yake yote. Vidole vyake vimelika kwa jembe na kuchuma kahawa, mashine haikuvisoma. Laini yake ikazimwa. Binamu yangu aliyeko Mwanza, ambaye hutuma matumizi ya mama yake kwenye namba hiyo, akawa hana pa kutuma ila kwenye simu ya jirani. Jirani ni mtu mwema, sina neno naye. Lakini kuanzia hapo kitongoji kizima kilijua shangazi amepata kiasi gani na lini, na alipougua tumbo, ugonjwa wake ulisemwa kwa sauti kwenye spika ya simu ya mtu mwingine, katikati ya ua wa mtu mwingine. Nilimfikiria baba akitembea jioni na kile kikaratasi.

Tulimpeleka shangazi mjini, akarudiwa rudiwa mpaka kidole kimoja cha mkono wa kushoto kikakubali. Mambo yakatengemaa. Ila nilibaki na funzo ambalo sijaliacha. Namba ya simu imekuwa anwani ya mtu, na inasimama juu ya vitu vingi: kitambulisho cha Taifa, kidole kinachosomeka, mnara, chaji, vocha, na kuitumia kila mara, kwa sababu laini iliyolala muda mrefu hufungwa na namba ikapewa mtu mwingine. S.L.P. ya shule haikumdai shangazi hata kimoja kati ya hivyo. Ilimdai awe na jina, na awe anajulikana anakaa wapi.

Arusha nimejifunza upande wa pili. Mteja akiwa Babati, Singida au Dodoma, mzigo wake naupeleka stendi. Unaandika kwa kalamu nene jina na namba ya simu, unalipa, unapewa risiti, dereva anaondoka nao na kesho yake unapigiwa kwamba umefika. Ni rahisi, ni haraka, na nitaendelea kuutumia usafiri huo. Lakini niliwahi kutuma vitambaa vya sare za harusi kwa basi la kampuni moja ambayo jina lake naliacha, na mzigo haukuonekana tena. Nyuma ya risiti palikuwa na mstari mmoja kwamba kampuni haihusiki na upotevu. Kila ofisi niliyokwenda ilinionyesha mstari huo. Bibi harusi alivaa alichopata. Na kuna jambo jingine tusilolisema: basi linakwenda kunakolipa. Mteja wangu aliye ndani kabisa, mbali na lami, hupanda bodaboda kufuata mzigo, na nauli hiyo mara nyingine inapita bei ya mfuko.

Mizigo ya nje ya nchi naipeleka Posta kuu, pale Mnara wa Saa. Nenda na mzigo haujafungwa, maana lazima uonekane kilichomo, kisha unafunga mbele yao. Unapima uzito, unajaza fomu ya forodha: ni nini, ni vingapi, kina thamani gani. Hapa usiandike tu "zawadi" au "vitu". Andika "mfuko wa kitambaa cha pamba, umeshonwa kwa mkono", uandike na bei yake ya kweli, kwa sababu ofisa wa forodha wa nchi ile hatakupigia kukuuliza. Unapewa namba ya ufuatiliaji: herufi mbili, tarakimu 9, kisha TZ. Ikianza na E ni EMS, yaani huduma ya haraka, ikianza na R ni rejista, ikianza na C ni kifurushi. Mfumo huo unafanana dunia nzima, chini ya Umoja wa Posta Duniani ulioanza mwaka 1874, na ndiyo maana karani wa Osaka akiisoma namba iliyobandikwa Arusha anaielewa. Rejista au kifurushi kisipofika, una miezi 6 ya kufungua madai, na kuna njia iliyowekwa ya kuyafuata kati ya nchi na nchi. Namshauri kila anayeuza vitu vidogo kwenda nje ailinde risiti hiyo kama anavyolinda hela.

Kwa hiyo mimi siiombolezi Posta. Kaunta ya vifurushi huwa na watu, na wengi ni vijana wanaouza kupitia Instagram. Shirika nalo limeleta Posta Kiganjani, namba yako ya simu inakuwa ndilo sanduku lako. Na tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba zetu zina vibao vya namba, mitaa ina majina, na kila kata ina postikodi yake ya tarakimu 5. Kibao cha kwangu kiko juu ya geti. Wanaoletewa chakula na bodaboda wanakitumia sana. Hizo zote ni hatua njema. Ninachokiona ni kwamba zote zinamkuta aliye na simu janja, au aliye kwenye mtaa wenye barabara.

Hivi karibuni mteja wangu mmoja wa Denmark aliniambia kwamba kwao barua zimekwisha. Ni kweli. PostNord, ambayo mizizi yake ni huduma iliyoanza mwaka 1624, iligawa barua zake za mwisho tarehe 30 Desemba 2025 na ikabaki na vifurushi, kwa sababu tangu mwaka 2000 barua zilishuka kwa zaidi ya asilimia 90. Masanduku mekundu ya mitaani yakang'olewa. Anayetaka kutuma barua anatumia kampuni binafsi. Nimewasikia watu hapa mjini wakisema hata sisi tufuate njia hiyo, tuokoe fedha. Wanasahau kwamba Denmark ilianza kwa kumpa kila raia kisanduku cha kidijitali cha barua za serikali, na tangu mwaka 2014 ni cha lazima isipokuwa kwa walioomba kusamehewa. Walijenga daraja kwanza, ndipo wakavunja la zamani. Shangazi yangu hana kisanduku hicho, na kidole chake kimoja kinachosomeka kikipata jeraha, hatuna pa kumwandikia.

Arusha ina haki ya kulisema hili kwa sauti. Umoja wa Posta Afrika ulianzishwa hapa hapa Januari 1980, na makao yake makuu yapo hapa, kwenye jengo la ghorofa 17 alilolizindua Rais Samia Suluhu Hassan Septemba 2023. Najivunia jengo hilo kila ninapolipita. Ningependa mjadala unaofanyika humo umfikirie pia mtu wa kitongoji ambaye hajawahi kuwa na sanduku lake mwenyewe.

Pendekezo langu ni la wazi. Tunao Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, na umesaidia kujenga minara sehemu ambazo kampuni za simu zilisema hazilipi. Hakuna aliyeuliza kwa nini mnara wa kijijini haujiendeshi kwa faida, kwa sababu tulikubaliana kwamba mawasiliano ya watu hao ni wajibu wa wote. Fikra hiyo hiyo iende kwenye kaunta ndogo za posta za wilayani na tarafani, Rombo, Same, Ngorongoro, Simanjiro, zisipimwe kwa mauzo ya stempu. Ziwe mahali pa kuchukulia kifurushi, kusajili laini, kupata fomu na kusaidiwa kuijaza na karani anayelipwa kwa kazi hiyo. Na masanduku ya shule na ya parokia yapunguziwe ada au yasamehewe kabisa, kwa sharti moja, kwamba kijiji kimchague kwenye mkutano wake mtu wa kushika ufunguo, na jina lake libandikwe ubaoni pamoja na siku anayoshuka mjini.